Kondoo wa Mama Mkwe

Tangu nioe, mama mkwe wangu hakuwahi kuwa na neno la kuniita. Alipotaka kunizungumzia kwa mke wangu alisema "huyo mtu wako". Alipotaka kuniambia jambo, alimwambia binti yangu kwa Kimaasai, binti akanigeuzia kwa Kiswahili, nami nikajibu kwa mkondo huohuo, ilhali sote watatu tumeketi kwenye sebule moja na televisheni imezimwa. Sikuona ajabu sana. Kwetu Bungoma mtu hamshiki mama mkwe wake mkono, hali naye chumba kimoja, na akimwona kwa mbali njiani huchepuka, hata kama pembeni ni miiba mitupu. Nikadhani heshima ya Wamaasai na yetu ni moja, na ukimya wake ni adabu tu. Hata hivyo uliniuma. Nilitaka siku moja aniite, hata kwa jina baya.

Sasa najua kwamba alikuwa akingoja kondoo. Kwa Wamaasai, anayeoa humpa mama wa mkewe kondoo, na tangu siku hiyo wawili hao huitana Paker, yaani wa kondoo, mpaka mmoja afe. Jina ni la wote wawili. Akikuita Paker, nawe unamwitikia Paker. Wajomba zangu walipokwenda kule nyuma ya Kajiado kunioza walipeleka ng'ombe, blanketi, sukari na asali, wakapatana na wanaume wenzao, wakala, wakarudi Bungoma wakijisifu njia nzima. Kondoo wa mama hakuna aliyemtaja. Mke wangu aliona haya kumdai kwa niaba ya mama yake, na mama yake aliona haya kudai kabisa. Haya yote niliambiwa baadaye, wakati hayakuweza kunisaidia tena.

Safari yenyewe ilikuwa Agosti iliyopita, shule zimefungwa. Mimi nauza rangi za nyumba Kitengela, kando ya barabara ya Namanga, na duka lililopakana na langu ni la magodoro. Mwenye magodoro ni Msomali wa Garissa aliyeoa Kajiado, mtu mcheshi, na kwa muda mrefu tulikuwa tukipeana ahadi kwamba siku moja tutafunga maduka, tubebe hema, tukalale mbele ya Kilimanjaro kama watalii. Hatimaye tukafunga. Yeye na mkewe walitangulia na hema pamoja na masufuria. Mke wangu ni muuguzi na alinyimwa ruhusa, kwa hiyo ningekwenda mimi na binti yetu peke yetu.

Kisha binti akamwambia bibi yake kwa simu. Mama mkwe akasema anataka kuja. Alichunga mbuzi chini ya mlima ule alipokuwa msichana, na tangu aolewe huku Kajiado hakuwahi kuukaribia tena. Mke wangu alifurahi mpaka akalia kidogo. Mimi nilitabasamu, lakini moyoni niliishiwa nguvu, maana nilijiona nimefungiwa kwenye Probox na mama mkwe kutwa nzima, nisijue nitakula wapi wala nitakohoa vipi.

Tulipita Isinya asubuhi, nailoni za mashamba ya maua ziking'aa kila upande, tukamchukua kwenye njia panda kabla ya Kajiado mjini. Alikuwa amevaa shanga zake zote. Aliketi nyuma yangu, binti yangu kando yake, nami nikakigeuza kioo cha ndani kikatazama dari, nisije nikakutana na macho yake kwa bahati mbaya. Nilijiona mkwe mwenye adabu. Nyuma yangu waliongea Kimaasai, binti akijikwaa na kuchanganya Kiswahili, bibi akimsahihisha polepole.

Bissil ndiko kulikoharibika.

Ilikuwa siku ya soko, na mifugo ilikuwa imejaa kando ya lami. Mwenzangu wa magodoro alikuwa ameniagiza nije na kondoo mzima, kwa sababu yeye hali nyama iliyochinjwa na mtu asiyemjua. Nikasimamisha gari. Mimi kondoo nawajua kwenye sahani tu, na nilijua nikishuka peke yangu nitauziwa mgonjwa. Nikamwambia binti amwombe bibi yake atuchagulie kondoo mzuri. Maneno yangu yalikuwa hayo: "Mwambie Koko achague kondoo mwenye anapenda." Niliyasema bila kugeuka, huku nikitafuta pochi.

Binti akamgeuzia bibi yake. Kisha mlango ukafunguka.

Niliona kila kitu na sikuelewa hata kimoja. Alipita kati ya kondoo bila haraka, mkono ukigusa migongo. Aliyapita madume mawili manene niliyokuwa nimeyatolea macho. Akasimama kwa jike jekundu, kijana, mwenye mkia mnene, akamfunua meno, kisha akainama akampapasa kiwele. Nani hupapasa kiwele cha kondoo wa kuchoma? Nilinung'unika kidogo kwamba huyu hana mafuta, lakini ubishi wa mtu na mama mkwe wake sokoni ni aibu, kwa hiyo nikalipa. Alimtemea yule kondoo mate mepesi ya baraka kichwani, akafungua uzi wa shanga za buluu kwenye mkono wake, akamfunga shingoni. Muuzaji, mzee wa Kimaasai, alinishika bega akaniambia mimi ni mtu mzuri. Wanawake waliokuwa wakiuza maziwa kando walikuwa wakimtazama mama mkwe na kucheka naye, naye akicheka huku ameziba mdomo. Nikadhani wanacheka gari langu.

Tulipoondoka, kondoo nyuma kwenye buti, mama mkwe akasema kwa sauti iliyo wazi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niligundua kwamba anasema nami: "Ashe oleng, Paker."

"Amesema asante sana," binti akasema. Kisha akaanza kucheka. "Baba, Koko anakuita paka."

Nikajibu, "Sawa, mama."

Hasira zangu ziko karibu, mke wangu anajua. Tangu nioe nangoja mama huyu aniite, na siku anaponiita, ananiita paka mbele ya mtoto wangu. Tena baada ya kununua kondoo aliyemtaka yeye! Ningeweza kuuliza. Ningemwambia binti, hebu muulize Koko ana maana gani, tungeyamaliza palepale kabla ya kilima cha kwanza. Lakini kwetu mama mkwe haulizwi, na mimi nikaona kutouliza ndio uungwana. Nikakaza usukani na kununa.

Naye alikuwa amefunguka. Mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia akisema sentensi mbili mfululizo aliongea njia yote mpaka Namanga, binti akinigeuzia. Paker, twiga wale. Paker, punguza mwendo, mbuni anavuka na watoto. Alipouona Mlima Mweusi wa Namanga, umesimama juu ya mji na mawe yake meusi yamechongoka, wingu limekaa kileleni, alinisimamisha, akashuka, akang'oa majani mabichi ya kando ya barabara akayashika mkononi akiutazama. Nyani walikuwa wameketi kwenye kingo za barabara kama wazee kwenye baraza ya chifu. Baada ya Namanga tuliacha lami, tukaingia kwenye vumbi jeupe la uwanda wa Amboseli, pundamilia wakitukimbia kwa vikundi, na mbele kabisa wingu moja kubwa ambalo tuliambiwa ndani yake kuna Kilimanjaro. Kila aliponiita alinyamaza kidogo baadaye. Sasa naujua ukimya ule. Alikuwa akingoja nimwitikie kwa jina lake, kama inavyopasa. Mimi nilikuwa nikisema "sawa, mama", "ndiyo, mama", kama ninavyowajibu wateja wanaoulizia rangi ambayo sina.

Kambi ilikuwa ya wanakijiji, nje ya hifadhi, uwanja wa mchanga chini ya migunga na ua wa miiba. Mwenzangu alikuwa ameshasimamisha hema. Mkewe ni Msomali aliyezaliwa Kajiado na anaongea Kimaasai kushinda binti yangu, kwa hiyo yeye na mama mkwe walisalimiana kwa furaha kubwa. Mlinzi wa kambi akasema ndovu hushuka kunywa maji jioni kule bondeni, na wingu la mlima nalo hufunguka saa hizohizo, kwa hiyo wanaotaka kuona waende sasa. Wanawake wakaondoka naye, binti yangu mbele. Mama mkwe aligeuka mara moja akasema neno kwa kunyoosha mkono kuelekea kondoo, lakini binti alikuwa ameshakimbia, na hapakuwa na wa kunitafsiria. Nikadhani anasema tusimsahau kumpa maji. Nikampungia mkono kwamba sawa.

Tukabaki sisi wawili na kondoo. Mlinzi alikuwa ametuonya kwamba kondoo mzima akikutwa na giza kwenye kambi ataita fisi, na pengine simba. Mwenzangu akanoa kisu chake, akatazama Makka iko upande gani, akamshika kondoo. Kisha akasita. Aliushika ule uzi wa shanga.

"Hii iko na alama," akasema. "Ni ya mtu?"

Swali lile nimelisikia mara nyingi tangu siku hiyo, nikiwa dukani nachanganya rangi, nikiwa kanisani, nikiwa nimelala. Lilikuwa swali la mtu mwangalifu na lilinipa nafasi ya mwisho. Lakini mimi nilikuwa nimeitwa paka kutoka Bissil.

"Ni yangu," nikamwambia. "Nimenunua na pesa yangu. Chinja."

Akaukata uzi, akanipa. Akasema bismillahi.

Waliporudi jua lilikuwa chini na wingu lilikuwa limeondoka kweli. Sikuwahi kujua mlima ni mkubwa hivyo. Nimekaa Kitengela miaka yote hii na asubuhi njema naweza kuuona ukiwa mdogo, mbali, juu ya mabati, nikadhani naujua. Sasa ulikuwa umeziba upande mzima wa mbingu, theluji imegeuka rangi ya waridi, na chini yake ndovu wakipita kwa mstari, watoto katikati. Mama mkwe alikuwa akitembea kinyumenyume ili asiupe mgongo. Binti yangu alikuwa akimshika asijikwae, na wote walikuwa wakicheka. Halafu akageuka.

Ngozi ilikuwa juu ya ua wa miiba, imetandazwa ikauke. Ile rangi nyekundu haikuweza kukosewa.

Hakupiga kelele. Alimuuliza binti jambo kwa sauti ndogo, na binti akaniuliza mimi, kama kawaida yetu.

"Baba, Koko anauliza kondoo wake yuko wapi."

"Wake?" nikasema.

Mke wa mwenzangu alikuwa amesimama nyuma yao. Alinitazama, akatazama ngozi, akatazama mkono wangu ulioshika uzi wa shanga, maana kwa ujinga wangu nilikuwa bado nimeushika, nikinuia kumrudishia. Akanivuta kando. Aliniambia kwamba njia nzima ya kwenda bondeni na kurudi mama alikuwa akimsimulia habari moja tu, kwa maneno haya: Mkwe wangu amekumbuka. Amenisimamishia gari Bissil, siku ya soko, mbele za watu, akaniambia nichague mwenyewe. Nimemchagua atakayezaa. Binti yangu amekaa na mtu mwenye heshima na mimi sikujua.

"Kwani hukumsikia akikuita Paker?" akaniuliza.

Nikamwambia nilisikia paka. Alifunga macho. Nadhani alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, na mumewe, ambaye sasa alikuwa ameelewa, aliweka kisu chini akaenda nyuma ya gari.

Nimeaibika mara nyingi maishani. Nimewahi kupanda jukwaani kwenye harusi na zipu wazi. Lakini hizo ni aibu zinazopita, mtu husimulia baadaye watu wakacheka. Hii haikupita. Nilitamani ardhi ipasuke, na ardhi ya Amboseli ilivyokauka ilikuwa tayari na nyufa, lakini hakuna uliotosha kunimeza. Na kibaya zaidi sikujua namna ya kuomba msamaha. Kumkaribia ni kosa, kumshika mkono ni kosa, kumwangalia usoni ni kosa. Adabu yote niliyokuwa nikijivunia ilinifunga mikono.

Nikaenda. Nilipiga magoti kwenye mchanga, mbali kidogo, nikitazama viatu vyake, nikauweka uzi wa shanga chini mbele yangu. Nikasema, "Nisamehe, Paker." Niliposikia jina hilo likitoka mdomoni mwangu nilijua nimelichelewa, na tena nimelitumia kama mwizi.

Hakuuokota ule uzi. Kisha akaniambia mwenyewe, kwa Kiswahili, bila kupitia kwa mtoto. Sikuwa nimejua kwamba anaweza.

"Si makosa yako," akasema. "Wewe hukunipea kitu. Ni mimi nilijipea. Watu ya Bissil waliniona nikijipea."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Kwa hasira ningeweza; ningetozwa, ningekemewa, mke wangu angeninunia, yangeisha. Sikuwa nimejiandaa kuona kwamba yeye ndiye aliyekuwa na aibu. Alikuwa akirudi kwenye kila kilomita ya siku ile, kila Paker aliyoisema ikajibiwa "sawa, mama", na kila moja ilikuwa ikimchoma upya: alivyocheka mbele ya wauza maziwa, alivyovua shanga zake, alivyoongea na mtu asiyemwitikia. Mama mtu mzima, mpole, alijiona amejipachika ukwe wa mtu. Na mimi ndiye niliyemfikisha hapo, kwa gari langu.

Hakula. Alisema amechoka, na mke wa mwenzangu akamchemshia chai. Sisi wengine tulikula kidogo, kwa sababu kumtupa mnyama baada ya kumchinja kungekuwa ubaya juu ya ubaya, na nyama ilikuwa laini, na hilo nalo lilinikera. Mimi nililala kwenye gari. Alfajiri nilipoamka yeye alikuwa ameketi nje ya hema, ameipa kambi mgongo, akiutazama mlima. Ulikuwa wazi kabisa, mweupe. Nilitaka kuamini kwamba angalau huo ameupata, lakini sikuwa na haki ya kujiliwaza kwa mlima. Uzi wa shanga ulikuwa bado pale chini nilipouweka, umefunikwa nusu na mchanga. Binti yangu ndiye aliyeuokota akaufunga mkononi mwake, bila kuuliza mtu.

Wakati wa kurudi hakuna aliyeongea. Twiga walikuwapo, mbuni walikuwapo, Mlima Mweusi ulikuwa pale pale na wingu lake. Binti alijaribu mara moja kumwonyesha bibi yake swala, bibi akaitikia "mm" tu. Mimi nilikuwa na mpango wangu. Usiku kucha nilikuwa nimeupanga: nikifika Bissil nitasimama, nitanunua kondoo wawili, hata watatu, majike wenye viwele, nitampa mbele ya wauza maziwa walewale na nitamwita jina lake kwa sauti mpaka soko zima lisikie.

Tulipokaribia nikaanza kupunguza mwendo. Haikuwa siku ya soko, lakini wauzaji kadhaa walikuwapo, na yule mzee wa jana alikuwa mmoja wao. Alilitambua gari. Aliinua fimbo yake akitusalimu, akaanza kuja kando ya barabara, anacheka, anachungulia nyuma kutafuta kondoo.

"Baba," binti yangu akasema. "Koko anasema usisimame."

"Mwambie nataka kumnunulia mwingine."

Waliongea kidogo. "Anasema tafadhali. Anasema uendeshe tu."

Sijui kwa nini nilifanya nilichofanya. Nilinyoosha mkono nikakishusha kile kioo cha ndani, nilichokuwa nimekigeuza juu kwa heshima, nikamtazama mama mkwe wangu usoni. Sikumwona uso. Alikuwa ameteremka chini kwenye kiti, ameivuta shuka yake nyekundu juu ya kichwa, amejifunika kabisa mpaka shanga, kama mtu anayesafirishwa asionekane. Mkono wa binti yangu, wenye uzi wa buluu, ulikuwa juu ya goti lake.

Nikakanyaga mafuta. Yule mzee akabaki na fimbo yake hewani. Tulipita kondoo wa mwisho, tukapita nyumba ya mwisho ya Bissil, na hakujifunua mpaka tulipoona Kajiado.